Watu wa Bugufi Hawakuwemo Chumbani

Baba yangu mpendwa,

Divine amefaulu historia. Naanza na hilo kwa sababu najua ungezikatiza salamu zote ili ulisikie. Amefaulu vizuri sana, na mwalimu wake alinisimamisha kwenye lango la shule akaniuliza hali ya babu yake. Nikamwambia umefariki. Masikini, alishika mdomo, akawa anasema pole na pole kwa Kiingereza, mpaka ikawa mimi ndiye ninayemfariji yeye.

Nakuandikia kwa Kiswahili na si kwa Kirundi. Nikianza kwa Kirundi nitalia kabla sijasema lolote. Tena Kiswahili ndicho tulichotoka nacho kambini Ngara, Tanzania, na ndicho pekee cha kwetu ambacho mjukuu wako anakisikia kidogo kidogo, hata kama majibu yake hutoka kwa Kiingereza. Nataka siku moja aweze kuisoma barua hii.

Miaka yako ya hapa Doonside, Sydney, ilikuwa myepesi kwa mwili na mizito kwa roho. Nilikuwa naiona. Mtu aliyesimama mbele ya darasa tangu ujana wake, kwanza Muyinga kwetu Burundi, kisha chini ya mahema ya plastiki, akaja kuketi kwenye nyumba yenye zulia na hana wa kumfundisha. Asubuhi ulivaa koti, ukatembea hadi stesheni, ukakaa kwenye benchi. Hukusafiri popote. Wanafunzi wakishapanda treni wote, unarudi kumwagilia lengalenga zako, mchicha wa kwetu, nyuma ya nyumba. Siku moja nilikuuliza unafuata nini kule.

"Nawaangalia wanafunzi."

"Wanafunzi wa nani, Baba?"

"Wanafunzi tu."

Na ndani ya nyumba yetu alikuwemo mwanafunzi, ila lugha ndiyo iliyokosekana. "Shikamoo, Babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Mazungumzo yenu yaliishia hapo kila siku. Yeye anaingia chumbani na simu yake, wewe unabaki sebuleni na redio yako ya Kifaransa. Mlipendana, sina shaka. Mlipendana kwa kutabasamiana.

Kisha ikaja ile kazi ya shule. Kila mwanafunzi alipewa dola moja kubwa iliyopigana Vita vya Kwanza vya Dunia, asimame mbele ya wenzake kama balozi wake, aeleze shida zilizoikabili baada ya vita. Divine akapangiwa Uingereza. Alikuja mezani amenuna. Wenzake, alilalamika, wamepata Urusi yenye mapinduzi na Ujerumani yenye njaa, yeye amepewa mshindi, na mshindi ana shida gani za kueleza? Nilikutafsiria ili ucheke tu. Hukucheka. Uliweka kijiko chini.

"Mwambie mshindi ndiye mwenye shida. Aliyeshindwa anaonyeshwa mahali pa kutia sahihi, basi."

Nikamwambia. Divine akainua macho kutoka kwenye simu, akaniomba nirudie.

Jumamosi zilizofuata sitazisahau. Nilikuwa natoka shifti ya asubuhi kule Quakers Hill, kwenye nyumba ya wazee, miguu imenivimba, nawakuta mmeshaketi mezani mnanisubiri, maana bila mimi hamkuweza kwenda mbele wala nyuma. Baba Divine akirudi na lori lake kutoka Port Botany alikuta hatujapika, naye hakulalamika. Alivuta kiti akasikiliza. Nilisimama kati yenu na sare yangu ya kazi, Kiswahili kinaingia, Kiingereza kinatoka, na mara nyingine nilichanganyikiwa nikamtafsiria Divine kwa Kirundi na wewe kwa Kiingereza, tukacheka sote.

Chupa ya chai uliifanya Mwingereza. "Huyu hapa. Ameshinda, lakini mtazameni alivyochoka. Vijana wake wamekwisha." Kopo la sukari likawa Mmarekani, anayemdai Mwingereza gharama za vita na hana haraka ya kusamehe. Bakuli la pilipili likawa Mfaransa, anayetaka Mjerumani apondwe asiinuke tena. Mjerumani mwenyewe alikuwa ugali uliobaki.

"Sasa Mwingereza afanye nini?" ulimuuliza Divine, na kwa mara ya kwanza tangu tufike nchi hii nikaisikia sauti yako ya darasani. "Akikubali Mjerumani apondwe, atamuuzia nani bidhaa zake? Akimtetea, Mfaransa atamwita msaliti. Na huku amewaahidi Waarabu nchi yao, amewaahidi Wayahudi makao mahali hapo hapo, Wahindi waliompigania wanadai kujitawala, na Waayalandi hawataki hata kumsikia. Chumvi hii ni Australia."

"Australia?" Divine alishangaa.

"Ndiyo, hawa hawa waliotupokea. Walikwenda Paris, kwenye mkutano wa amani, kudai Guinea Mpya ya Mjerumani iwe yao. Mwingereza angewakataliaje, na vijana wao walikufa kwa ajili yake?"

Hukusema kwa ubaya. Ulisema kama mtu anayeeleza tabia ya jirani anayemheshimu. Divine alikuwa anaandika mbiombio, ameshasahau simu. Kisha ukavuta kikombe kidogo, kile cha kahawa, na sauti yako ikashuka.

"Huyu ni Mbelgiji. Mwingereza aliingia vitani akitangaza kwamba anamtetea huyu mdogo. Vita vikaisha, ikabidi abishane naye huyo huyo juu ya kwetu. Askari wa Mbelgiji kutoka Kongo walikuwa wameshaingia Rwanda na Burundi, naye alitaka malipo yake. Mwingereza alitaka mali yote ya Mjerumani upande ule, na njia ya kupitishia reli kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Mwingereza hakutaka kumuudhi Mbelgiji kabisa, Mbelgiji hakutaka kurudi kwao mikono mitupu. Wakagawana."

Ulichovya kidole kwenye chai ukachora mstari juu ya meza. Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji, Tanganyika kwa Mwingereza. Kipande cha Rwanda kilichokatwa kikarudishwa baadaye. "Bugufi yetu haikurudishwa," ulisema. "Na reli yenyewe haikujengwa."

Divine akauliza Bugufi ni nini. Wewe ukanitazama mimi.

"Mweleze. Ulikuwepo."

Nilikuwepo, Baba. Nilimweleza kwamba Bugufi ni vilima vya upande wa Ngara, kwamba zamani vilikuwa chini ya mwami, mfalme wa Burundi, kwamba mama yako alizaliwa huko akaolewa upande wa pili, na kwamba ulipokuwa mdogo alikuchukua kwa miguu kwenda kuwasalimia kaka zake. Alifariki ungali mtoto, safari zikakoma. Nchi mbili zikapata bendera zake, mpaka ukawa mpaka kweli. Vita vya kwetu vilipotufukuza tukajikuta wakimbizi kambini Ngara, na vilima vya wajomba zako tunaviona kwa macho tukiwa kwenye foleni ya maji.

Mengine sikumweleza siku ile, Kiingereza kiliniishia. Ile siku uliyoamua kwenda. Mama alikunyooshea shati kwa pasi ya mkaa aliyoazima kwa jirani. Ulibeba kitenge kipya cha mke wa mjomba, ukasema utarudi jioni. Jioni ikapita. Kesho yake mgambo wakakushusha mbele ya ofisi ya kambi, shati limechanika begani, kitenge bado umekikumbatia. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka bila kibali, na wewe kibali ulikuwa umekiomba ukachoka kusubiri. Nilikuwa nimeshika sketi ya Mama, nikasikia yote.

"Wewe mgeni, ulikuwa unatafuta nini kule?" mkubwa wao alikuuliza.

"Namtafuta mjomba wangu."

"Mjomba wako yuko Burundi."

"Hapana, bwana. Burundi nilikuwa mimi. Mjomba yuko hapa."

Wakacheka. Hawakuwa watu wakatili, nadhani waliona unawatania. Na wewe ukatabasamu pamoja nao, ukiwa umesimama na shati lililochanika, na tabasamu lile ndilo lililoniuma, maana nilikuwa mtoto lakini nilijua si lako. Baadaye tulihamishiwa kambi nyingine mbali kusini, Mama akafia huko, na vilima vile hatukuviona tena. Wajomba hukuwataja tena mpaka Divine alipopewa Uingereza.

Hotuba yake aliiandika mwenyewe. Siku aliyokusomea, mimi nikitafsiri sentensi kwa sentensi, ulikuwa umefumba macho, unaitikia kwa kichwa kama mzee anayesikiliza kwaya. Alipomaliza ukamsifu. Alimtetea Mwingereza vizuri hata mimi nikamhurumia. Kisha ukauliza, "Na watu wa Bugufi wako wapi?"

Mtoto akachoka ghafla. Alikuwa ameirudia hotuba ile mara nyingi chumbani, na sasa anaambiwa ina pengo. "They weren't in the room, Babu!" akapaza sauti. "I can't put them in the room!"

Nilitafuta namna ya kulainisha, nikaona nisilainishe. "Anasema hawakuwemo chumbani, Baba. Anasema yeye hawezi kuwaingiza."

Ukageukia dirishani. Nje kasuku weupe walikuwa wakigombana juu ya mti wa jirani. Nilidhani umeumia, nikaanza kumkemea mtoto, nawe ukanizuia kwa mkono.

"Mwache. Amesema kweli. Somo hili nimelifundisha miaka yote, sijapata kulisema kwa ufupi namna hiyo. Mwambie asibadilishe kitu. Akimaliza kumtetea Mwingereza wake, aseme hivyo hivyo alivyosema sasa."

Divine akataka kujua kama Mwingereza alikuwa mtu mbaya. Ulifikiri kidogo. "Alikuwa amechoka," ukamjibu. "Aligawa upesi ili apumzike. Waliobaki na mgawo ule ndio hawakupumzika." Naye akaja upande wako wa meza akakuegemea begani, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa mdogo, na hapo hamkuhitaji mkalimani.

Siku ya hotuba ndugu waliruhusiwa kuhudhuria. Nilikuwa nimebadilishana shifti na mwenzangu. Divine alitangulia na treni, akasema atatuwekea viti mbele. Uliniambia nikusubiri sebuleni, unamalizia kuvaa. Nikasubiri. Nilipoingia nilikukuta umeketi kitandani, tai shingoni, kiatu kimoja mguuni, unanitazama moja kwa moja na neno halitoki. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka. Nilikuita, "Baba! Baba!" na macho yako yaliitika.

Kwa hiyo Divine alisimama mbele ya darasa lake akitazama viti viwili vitupu. Angeweza kuharibu, nisingemlaumu. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba alisema yote, na mwishoni akaiweka karatasi chini akataja watu wa kilima kimoja ambao hakuna aliyewauliza, kwa sababu hawakuwemo chumbani. Mvulana mmoja akauliza ina maana gani, si kipande kidogo tu cha ardhi? Divine akamjibu kwamba bibi wa mama yake alikuwa wa kipande hicho.

Alifika hospitali anakimbia, begi la shule mgongoni, na nywele zake nilizomsuka vizuri kwa ajili ya siku ile zimefumuka. Nilimzuia mlangoni nimweleze hali yako kwanza, akanipita. Akakushika mkono ule uliokuwa bado na nguvu. Akazungumza Kiswahili, Baba. Mwenyewe, bila mimi.

"Babu, nimesema. Nimewaambia watu ya Bugufi hawakuwa kwa chumba. Wote wamesikia."

Ulihangaika sana kutafuta neno. Kiswahili hakikuja, na Kifaransa ulichofundishia miaka yote hakikuja. Likaja moja tu, kwa sauti iliyojaa mate. "Ego."

Divine akakubusu kwenye paji la uso, akatoka. Nikamkuta karibu na lifti analia kwa uchungu. Aliniuliza kwa nini umemwambia vile, je, alijivuna? Sikumwelewa, mpaka nilipokumbuka kwamba kwa Kiingereza neno hilo ni majivuno. Nikamshika mabega. "Mwanangu, amekujibu kwa Kirundi. Ego ni ndiyo. Babu amekwambia ndiyo." Alikaa chini pale pale sakafuni, watu wanapita, na mimi nikakaa naye.

Neno lingine hukulisema. Ulituacha siku chache baadaye, mchana, tukiwa tumekuzunguka.

Kuna jambo uliniambia zamani tukitoka kanisani, kwa wepesi, kama mtu anayeagiza chumvi dukani. "Nikifa, kama ingewezekana, mnipeleke kwa wajomba." Nilijaribu. Baba mdogo alipiga simu kutoka Muyinga analia, anataka uletwe Burundi. Nikamwambia ulichotaka, akasema, "Basi mpelekeni kwao mama yake." Nikawatafuta maofisa wa upande wa Tanzania. Niliyempata kwenye simu alikuwa mpole. Aliuliza kama marehemu ni raia. Nikasema hapana. Aliuliza kama ana ndugu huko wa kumpokea. Nikasema anao. "Majina yao, dada? Kijiji gani?" Mimi nilikuwa na jina moja tu, Mjomba Barakengera, na vilima nilivyoviona kutoka kwenye foleni ya maji. Aliguna kwa huruma. Nikamshukuru, nikakata simu.

Tukakuzika hapa, magharibi ya Sydney, chini ya mikaratusi. Ndugu zetu Wakongo walibeba jeneza, akina mama wa kwetu wakaimba. Kila aliyesimama kusema neno alikuita Mwalimu. Ilikuwa maziko ya heshima, na kila dakika yake nilijua hupo ulipotaka kuwa.

Baada ya msiba alihamia kanisani kwetu mama mmoja Mtanzania, Mama Neema, mzaliwa wa Ngara. Divine alipolisikia jina la Ngara hakuningoja mimi. Alimfuata kwenye meza ya chai. "Auntie, wewe unajua watu ya Barakengera?" Mama Neema hakuwajua, lakini alimtumia kaka yake ujumbe wa sauti, kaka akauliza sokoni, na soko likajibu. Barakengera amekufa miaka mingi. Binti yake yupo, mzee sasa, anaitwa Verediana. Ndiye aliyekuwa akicheza na wewe mlipokuwa watoto, mama yako alipokuja kuwasalimia kaka zake.

Tulimpigia Jumapili alasiri, kwao asubuhi. Anazungumza Kihangaza, lugha ya kule iliyo karibu sana na Kirundi, na nilimwelewa kama ninavyokuelewa wewe. Nilijitambulisha. Akapiga vigelegele, nikasikia watu wanaitana uani. Kisha akasema, "Mpe simu mwenyewe, nimsikie. Mbona hasemi mwenyewe?"

Nikamwambia, Baba. Ilibidi nimwambie.

Nilisikia kuku wao. Halafu akauliza tumekuzika wapi. Nikamwambia Australia. "Mbona hamkumleta?" alisema, bila hasira yoyote, kwa mshangao tu. "Tuna mahali." Divine alikuwa amenikazia macho anataka nimtafsirie, na maneno hayo mawili sikuweza kuyatoa mdomoni. Nilimtafsiria jioni, na alipoyasikia alikwenda nyuma ya nyumba akasimama kwenye lengalenga zako ambazo sote tumeshindwa kuzitunza.

Siku hiyo hiyo kule walianza matanga. Kaka yake Mama Neema alitutumia picha, moto uani, viti vya kuazima, wanawake wamejifunga vitambaa, watu wazima na watoto ambao wengi wao hawakukuona hata siku moja. Walikulilia kama mtu wa nyumba ile aliyefia safarini.

Jana Shangazi Verediana aliomba aone ulipo. Tukaenda makaburini, mimi, Divine na baba yake. Divine akainua simu ili Shangazi aone jiwe, aone miti, aone udongo ulivyo mwekundu kidogo. Shangazi akaniomba nimsogeze karibu zaidi. Nikapiga magoti nikaiweka simu juu ya kaburi. Akaita, "Gahungu!" Yaani kijana mdogo. Akaita tena, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aliyechelewa kurudi kutoka mchezoni, "Gahungu kacu!" Gahungu wetu. Maisha yangu yote sijapata kusikia mtu akikuita hivyo. Nilimshika Divine mkono, tukasogea pembeni, tukamwacha azungumze nawe.

Lala sasa, Baba. Nitapita tena nikipata siku ya mapumziko.

Ni mimi binti yako,
Mama Divine